Gari la Mjerumani Halifi

Wiki iliyopita nilirudi Hounslow kuliondoa gari la baba. Baba tulimzika mwezi uliotangulia huko kwao Korogwe, mama akabaki kule kumalizia msiba, na mimi nikarudi London peke yangu kumkabidhi mwenye nyumba nyumba yake. Vyombo niligawa. Magodoro yalichukuliwa na watu wa takataka. Likabaki gari, pale pale lilipokuwa tangu nikiwa msichana wa sekondari, limeegeshwa kinyumenyume mbele ya dirisha la chumba cha mbele, matairi yameisha upepo, ukungu wa kijani umeota kwenye mipira ya vioo. Nilisimama na ufunguo mkononi nikashindwa hata kufungua mlango. Ngoja nikueleze kwa nini, rafiki yangu, maana huenda nawe ulikuwa na baba aliyependa gari. Baba yangu alilipenda lile, kisha akalichukia, na katikati ya kulipenda na kulichukia tulimzika mdogo wangu.

Lilikuja nyumbani mwanzoni mwa kiangazi kimoja, nikiwa bado shule ya msingi. Lilikuwa limeshatumiwa na mzee mmoja wa Kiingereza aliyelitunza kama yai, la rangi ya kijivu, la dizeli, na mbele lilikuwa na ile nembo ambayo hata mtoto wa Korogwe asiyejua kusoma anaitambua. Baba alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege. Kabla ya hapo alikwenda kazini kwa mabasi mawili gizani, na kuna siku alirudi masikio yamekufa ganzi. Siku gari lilipofika alilizunguka mikono iko nyuma, hakuligusa, kisha akamwita mama aje aone. Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, macho yamemjaa usingizi. Alisema gari zuri, hongera, sasa naomba nikalale. Baba alicheka mpaka akakaa kizingitini.

Lazima uelewe mtu wa kwetu anasikia nini akisikia neno Mjerumani. Korogwe ukiona kitu kimesimama muda mrefu, utaambiwa ni cha Mjerumani. Reli ni ya Mjerumani, daraja ni la Mjerumani, ile nyumba ya mawe ambayo mvua zimeshindwa kuibomoa ni ya Mjerumani. Mwingereza alikuja baada yake akakaa miaka mingi zaidi, lakini sijamsikia mtu akijisifia bomba la Mwingereza. Babu yangu alikuwa dereva wa lori kwenye shamba la mkonge, na lori lenyewe, kwa maelezo ya baba, lilitoka kwa kampuni hiyo hiyo ya gari letu. Lilibeba mkonge, likabeba wagonjwa, likabeba maiti na maharusi, na siku babu alipostaafu lori lilibaki kazini. "Gari la Mjerumani halifi," baba alikuwa akisema. "Dereva ndiye anayekufa." Tulidhani ni utani.

Bibi, mamake baba, hakuwa na habari na sifa hizo. Babake yeye alichapwa viboko hamsa ishirini, yaani ishirini na tano, kwenye shamba la mkonge enzi hizo za Mjerumani, kwa kosa la kuchelewa kurudi kutoka msibani, na mpaka anazeeka alikuwa akilala kifudifudi. Bibi alikua akiuona mgongo ule. Kwa hiyo mtu akisifia reli mbele yake, au daraja, au jengo lolote, yeye aliuliza swali moja tu: "Nani alibeba mawe?" Baba alipompigia simu kumpa habari za gari tulisikia sauti yake ikisema, "Haya mwanangu. Mungu akulinde nalo." Baba alikata simu akatuambia mama yake amezeeka, hajui dunia imebadilika. Vyaelea vimeundwa, akasema, na aliyeunda hiki anaijua kazi yake.

Nyumba yetu ilikuwa na baridi ya kuudhi. Ya nje inazoeleka. Nasema ile ya ndani, inayokaa kwenye kuta. Ukungu mweusi ulipanda kutoka nyuma ya kabati mpaka darini, mama akiusugua Jumamosi, Jumatano umerudi. Mwenye nyumba alitushauri tuwe tunafungua madirisha. Gesi tuliiwasha jioni tu. Ndiyo maana ukiniuliza utoto wangu niliupitishia wapi, nitakuambia ni kwenye kiti cha nyuma cha gari la dizeli lililosimama.

Baba alikuwa na desturi mbili alizorithi kwa babu. Ya kwanza, gari huegeshwa kinyumenyume. Dereva wa lori anaingiza mkia na pua anaielekeza njiani, ili siku ya shari atoke bila kugeuza. Ya pili, injini ya dizeli haiamshwi ikapelekwa kazini papo hapo. Inawashwa, inaachwa ingurume yenyewe mpaka ipate moto. Huko shambani desturi hizo hazikumdhuru mtu, maana yadi ilikuwa uwanja mpana na upepo unapita. Hounslow mbele ya nyumba yetu palikuwa na nafasi ya gari moja, kati ya uzio wa jirani na ukuta wetu, na gari likishaingizwa mkia, bomba la moshi lilitazama dirisha la chumba tulicholala mimi na mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa na pumu tangu anatambaa. Inhela yake ya bluu ilining'inia shingoni kwa kamba aliyoisuka mama, na alikuwa akiipuliza hewani kuwatisha paka wa mtaani. Alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, jambo lililomkera baba na kumchekesha kwa pamoja. Kila asubuhi, akiwa bado ndani ya blanketi, alipaza sauti: "Daddy, is it warm yet?" Na baba alimjibu kutoka nje, "Bado, mama. Subiri Mjerumani apate moto."

Akishapata moto tuliitwa. Tulitoka mbio na viatu havijafungwa, nyuso zinang'aa mafuta ya nazi, tukajitupa kwenye kiti cha nyuma. Mama alikuwa bado kazini, kwa hiyo baba ndiye aliyetulisha: chapati za jana zilizokunjwa na kupashwa, chai ya tangawizi kwenye kikombe kimoja tunachopokezana. Vioo vilijaa mvuke, mdogo wangu akachora watu wenye masikio makubwa. Injini ilitetema chini yetu, naye alifungua mdomo akasema aaaa ili sauti itetemeke, mpaka baba anamwambia ameze kwanza. Hapo ndipo tulipohadithiwa habari za kampuni: mafundi walivyohangaika na vyuma vyao, watu wakiwacheka, jinsi vita vilivyokuja, mabomu yakaangusha kiwanda kikawa kifusi, jinsi walivyorudi na nyundo na makoleo wakaanza upya, na leo dunia nzima inawaheshimu. Kwenye kuanza upya sauti ya baba ilipanda. Naye alikuwa ameanza upya, na alipenda kusikia kwamba inawezekana. Asubuhi zile zilinuka tangawizi, nazi na dizeli. Nilikuwa na furaha, rafiki yangu, na sitajifanya sikuwa nayo kwa sababu ya yaliyofuata.

Upande wa pili wa uzio aliishi mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga mjini, aliyeondoka kule akiwa msichana. Kiswahili alikihifadhi vizuri kama watu wanavyohifadhi sahani za harusi, naye alimwita baba Korogwe, basi. Asubuhi moja alitoka na kitambaa puani.

"Shikamoo mama," baba alisema.

"Marahaba. Korogwe, zima hiyo gari. Moshi wote unaingia jikoni kwangu."

"Mama, hii ni dizeli safi. Wenyewe wameipima."

"Safi gani hiyo ya kukohoza watu? Wewe una watoto."

Baba aliinamisha kichwa kwa heshima, akaingia ndani, akatuambia ni kijicho. Kwetu mtu akipata gari lazima apate na wa kumwonea kijicho. Baba alikuwa amelitarajia hilo tangu siku ya kwanza, na naona alifurahi kidogo lilipofika. "Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji," alisema, na jioni akatundika tasbihi kwenye kioo cha gari ili macho ya watu yasilipate.

Baridi ya mwaka uliofuata kifua cha mdogo wangu kilianza kupiga mluzi. Daktari aliuliza kuhusu ukungu wa ukutani, akauliza kama kuna anayevuta sigara. Baba alijibu kwa fahari kwamba nyumbani kwake sigara haijawahi kuingia. Akaulizwa kuhusu paka, mazulia na mito ya manyoya. Hakuna aliyeuliza gari huegeshwaje. Baba alirudi na uamuzi wake mwenyewe: mtoto asikae asubuhi kwenye chumba chenye ukungu, akae kwenye gari, kwenye joto kavu, tangu linapowashwa. Na kwa kuwa joto peke yake linabana, alimshushia kioo cha upande wake kidogo, upana wa vidole, apate hewa. Nauona mpaka leo moshi mweupe ukigonga ukuta, ukirudi, ukipita ubavuni mwa gari, na pua ya mdogo wangu iko pale kwenye upenyo kwa sababu baba amemwambia avute hewa. Baba alimpenda kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Asubuhi yenyewe mama alikuwa hajarudi. Nilikuwa nafunga viatu chumbani niliposikia honi. Baba alikuwa ananiita. Nilimkuta mdogo wangu amekaa wima kwenye kiti cha nyuma, mabega yamepanda, inhela mdomoni, macho yamemtoka kwa kazi ya kuvuta pumzi. Baba hakuita gari la wagonjwa. Aliite la nini? Lake lilikuwa limeshapata moto na pua iko barabarani, kama babu alivyofundisha. Tulitoka bila kugeuza. Gari halikusita, halikuzimika, lilikwenda kama linajua. Mimi nilimshika nyuma nikimwambia apumue, apumue, kana kwamba alikuwa amesahau. Hospitali baba aliruka akakimbia naye mikononi, akaacha mlango wazi na injini inanguruma. Mdogo wangu alifariki mama akiwa bado kwenye basi.

Jirani alileta sufuria ya pilau siku tatu za msiba, akakaa chini kwenye mkeka na akina mama wengine, akalia. Hakutaja moshi. Baba aliendelea kulipasha moto gari kila asubuhi, mimi nikiwa nyuma peke yangu, na hakusimulia tena habari za kampuni. Tulikuwa tunakula chapati tukitazama mbele.

Habari zilikuja nikiwa sekondari. Tulikuwa tunakula, televisheni inajisemea yenyewe. Mtangazaji akasema kwamba magari ya dizeli ya kampuni ile, yale yale yaliyosifiwa kwa usafi, yalikuwa yamewekewa ujanja ndani: gari likijua linapimwa, linajizuia, likitoka barabarani, linamwaga sumu. Wakaonyesha nembo. Baba alisimama na tonge mkononi. Mama alizima televisheni, lakini maneno yalishaingia.

"Kadanganya?" baba aliuliza. Aliuliza kama mtoto. "Mjerumani kadanganya?"

Alirudisha tonge kwenye sahani, akanawa, akatoka. Nilichungulia dirishani nikamwona amepiga magoti nyuma ya gari, kwenye nafasi ile nyembamba. Alitazama bomba la moshi, akatazama ukuta, kisha akainua uso akatazama dirisha letu, na mimi nikiwa ndani yake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu isipokuwa siku ile. Najua watu wa sayansi watasema nini. Ukungu ulikuwepo, barabara kuu ilikuwa karibu, ndege zilipita juu ya paa mchana kutwa, na hakuna aliyepima kifua cha mtoto yule akapata jina la kampuni. Ni kweli. Mimi mwenyewe sijui hadi leo. Baba aliamua kwamba anajua.

Kesho yake alikwenda kubisha mlango wa jirani. Nilimfuata kwa kuwa niliogopa kumwacha peke yake.

"Mama," alisema, "kikulacho ki nguoni mwako. Uliniambia, nikakuita una kijicho. Nisamehe."

Yule mama alivuta shali yake. "Ingia ndani, Korogwe," alisema. "Baridi hiyo."

Mwaka huo huo shuleni tulisoma vita vya dunia, na mwalimu wa historia akatueleza kwamba viwanda vingi vya Ujerumani, vikiwemo vya magari, viliendeshwa wakati ule kwa mikono ya watu waliotekwa kutoka nchi nyingine, wakafanyishwa kazi kwa nguvu, wengi wakafia humo. Wenzangu waliandika. Mimi nilimsikia bibi. Niliporudi nilimwambia baba, kwa ukatili wa umri ule, kwamba ile hadithi yake ya nyundo na makoleo ilikuwa na mwanzo ambao hakutusimulia. Hakukasirika. "Bibi yako aliniuliza," alisema. "Aliniuliza siku zote, nikadhani anaongelea mawe."

Tangu hapo hakuliwasha. Alirudi kwenye mabasi yake mawili. Jiji lilipoanza kuyatoza magari ya moshi, rafiki zake wa msikitini walikuja na ushauri: lipeleke Dar, mzee, kule litagombaniwa. Na ndivyo mambo yalivyo, nawe unajua. Gari ambalo London imelikataa linapanda meli, linakwenda kuzeekea kwetu, na watu wanashangilia bandarini. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai, halafu akauliza, "Nani akalipumue?" Walidhani amechanganyikiwa na msiba. Akawauliza tena, mmoja mmoja, "Mwanao? Wako?" Hawakulileta tena jambo hilo.

Lakini asubuhi, kabla ya basi, alikwenda kukaa humo. Alikaa kiti cha nyuma, upande wa mdogo wangu, injini imezimwa, kioo kimepandishwa mpaka juu, na baridi ilikuwa ile ile ya nje. Mama alikuwa akimpelekea chai akairudisha imepoa. Na alipolazwa hospitali, moyo wake umechoka na maneno yamekuwa machache, alinivuta karibu akasema, "Lile gari lisivuke bahari." Huo ndio wasia aliouacha kwangu.

Mtu aliyekuja kulichukua juma lililopita alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mpole, anayenunua magari mabovu. Nilimwambia kwenye simu kwamba hili ni la kusagwa, akakubali. Alipofika alilizunguka mikono iko nyuma, kama baba siku ile ya kwanza, na nikajua nina kazi.

"Dada, hii motokari iko muzima. Unaisaga juu ya nini?"

"Ni wasia wa baba."

"Pole sana. Lakini kule kwetu batu banaitafuta hii. Ngoja nikuonyeshe."

Kabla sijamzuia alishauchukua ufunguo mkononi mwangu kwa adabu, akafungua boneti, akavuta waya kutoka kwenye betri ya lori lake, akaingia, akazungusha ufunguo.

Liliwaka. Miaka yote ile ya mvua na barafu, dereva wake yuko chini ya udongo wa Korogwe, na liliwaka mara ya kwanza. Lilikohoa kidogo, likatulia, likaanza kunguruma kana kwamba lilizimwa jana. Mkongomani alipiga makofi kwa furaha. Moshi ulitoka, ukagonga ukuta, ukarudi ukipita ubavuni mwa gari, ukanikuta nimesimama penye mlango wa nyuma, pale palipokuwa na upenyo wa kioo. Nilijua ni moshi gani. Nilijua kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Nikafumba macho nikauvuta, nikauvuta tena, mpaka kifua kikauma, kwa sababu mdogo wangu alikuwa humo, na chapati zilikuwa humo, na baba yuko nje anatuambia bado kidogo.

"Dada?" Mkongomani aliniita. "Uko sawa?"

"Zima, kaka," nilimwambia. "Nitakufuata mpaka huko nione likisagwa."

Nilimfuata, na nikaona. Chuma kile kilikuwa kigumu, mashine ilihangaika nacho. Nyumba ile sasa inasubiri watu wengine, jirani alishatangulia mbele ya haki, bibi naye, na sidhani kuna mtu Hounslow anayekumbuka kwamba watoto wawili waliwahi kulia chapati pale mbele na vioo vimejaa mvuke. Nilitimiza wasia, kwa hilo nina amani. Ila koti nililovaa siku ile bado linaning'inia nyuma ya mlango wangu, linanuka dizeli, na sijapata moyo wa kulifua.